Pumzi Ndefu na Kifua Kisafi: Kisukari cha Watoto Kinapovaa Sura ya Maradhi Mengine

Miongoni mwa maradhi ya homoni yanayowapata watoto na vijana, machache huua kwa haraka kama kisukari aina ya kwanza, na machache yana dawa iliyo wazi kama yake. Mtoto anayetambuliwa mapema, akapewa insulini na familia yake ikafundishwa kuitumia, hukua, husoma na kufikia utu uzima kama wenzake. Mtoto yuleyule asipotambuliwa hufariki katika muda wa siku au majuma. Kinachotenganisha hatima hizo mbili mara nyingi ni tone moja la damu kutoka kwenye ncha ya kidole. Kwa sababu hiyo somo hili linatanguliza utambuzi na kuyaweka matibabu nyuma yake: wapo watoto wanaozikwa huku jalada lao likisema malaria kali, nimonia au homa ya kuhara, na sukari yao haikupimwa hata mara moja.

Njaa katikati ya shibe

Kongosho ni kiungo kilicholala nyuma ya mfuko wa chakula. Ndani yake mna visiwa vidogo vya seli ambavyo Paul Langerhans, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari mjini Berlin, alivieleza mwaka 1869 pasipo kujua kazi yake. Miaka 20 baadaye, mjini Strasbourg, Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimwondolea mbwa kongosho, na mbwa huyo akaanza kukojoa mno mkojo wenye sukari. Ikaonekana kwamba kongosho lilikuwa na kazi nyingine zaidi ya kusaga chakula.

Kazi hiyo hufanywa na insulini, homoni itokayo katika visiwa hivyo. Insulini ndiyo inayoziamuru seli za misuli na za mafuta kuipokea glukosi kutoka kwenye damu, na ndiyo inayolizuia ini lisimwage sukari ovyo. Katika kisukari aina ya kwanza, kinga ya mwili huzigeukia seli zinazotengeneza insulini na kuziangamiza. Kwa nini kinga hugeuka hivyo kwa mtoto huyu na si kwa nduguye, sayansi haijalimaliza swali hilo. Urithi una sehemu yake, na mazingira yana yake. Lililo hakika ni kwamba ugonjwa huu hauletwi na peremende wala soda, hauambukizi, na mzazi hakukosea lolote katika malezi.

Insulini inapokosekana, sukari hujaa ndani ya damu huku seli zikifa njaa. Mtoto hula hata akaomba kuongezwa, na bado hukonda. Sukari inapopita takribani milimoli 10 kwa lita moja ya damu, figo hushindwa kuizuia yote. Nyingine humwagika kwenye mkojo, nayo huvuta maji kwenda nayo. Hapo huanza mkojo mwingi, na kiu kisichokatika hufuata nyuma yake.

Dalili hizi za mwanzo hazina kishindo, na kila moja ina maelezo yaliyo tayari mdomoni mwa watu. Kiu ni joto. Kukonda ni minyoo, au ni urefu unaomtoa mtoto. Mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani akirudia, huitwa mvivu na pengine huchapwa. Uchovu darasani huitwa utoro wa akili. Ipo dalili moja ambayo wazee waliijua kabla ya maabara: sisimizi kukusanyika mahali mtoto alipokojoa. Si kila mkojo wenye sukari huvuta sisimizi, lakini mama anayesimulia habari hiyo kliniki anastahili kusikilizwa mpaka mwisho, kwa maana amekwisha kufanya kipimo.

Mtoto anayekonda hupimwa kifua kikuu na virusi vya UKIMWI, na ni haki kupimwa. Tatizo huanza majibu yanaporudi yakiwa hayana kitu na utafutaji ukaishia hapo.

Damu inapogeuka kuwa asidi

Mwili usioweza kuchoma sukari huchoma mafuta. Ini huyageuza mafuta hayo kuwa ketoni, ambazo kwa kiasi kidogo ni nishati ya akiba, bali kwa wingi huifanya damu kuwa na asidi. Hali hiyo ndiyo dharura kubwa ya kisukari cha watoto, nayo huja kwa kutapika, maumivu ya tumbo, ukavu wa kinywa, usingizi mzito, kisha kupoteza fahamu. Pumzi ya mtoto huweza kunukia kama matunda yaliyoiva mno, au kama dawa ya kufutia rangi ya kucha. Hiyo ni harufu ya asetoni, mojawapo ya ketoni. Si kila pua huisikia, na kutoisikia si ushahidi kwamba haipo.

Dalili yenye thamani kuliko zote ni namna ya kupumua. Mwili hupunguza asidi kwa kuitoa hewa ya kaboni kupitia mapafu, hivyo mtoto huvuta pumzi ndefu, nzito, mfululizo, kama aliyetoka kukimbia mbio ilhali amelala. Adolf Kussmaul, daktari wa Kijerumani, aliieleza pumzi hii mwaka 1874, na hadi leo inaitwa kwa jina lake. Tabibu anayehesabu tu idadi ya pumzi kwa dakika atapata namba kubwa na ataandika nimonia, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa, na kwa watoto wengi atakuwa sahihi. Lakini katika nimonia pumzi huwa fupi na za haraka, kikohozi kipo, homa mara nyingi ipo, na kifua kikisikilizwa huwa na la kusema. Katika dharura ya kisukari pumzi ni ndefu na kifua ni kisafi. Mtoto anayehema namna hiyo, na hewa inaingia vizuri pande zote mbili bila mkwaruzo wowote, tatizo lake haliko kwenye mapafu.

Tofauti ya pili iko kwenye mkojo. Mtoto aliyekaukiwa maji kwa kuhara huacha kukojoa. Figo zake hubana kila tone. Mtoto wa kisukari hukauka macho na ulimi, na ngozi ikabonyea, lakini nepi yake imelowa au shuka lake limelowa. Ukavu na mkojo mwingi kwa pamoja ni jambo lisilo la kawaida, na swali la kuliuliza ni rahisi: mara ya mwisho amekojoa lini, na kiasi gani?

Tofauti ya tatu ni tumbo. Maumivu yake huweza kuwa makali kiasi cha kufikiriwa kuwa ni kidole tumbo, na mtoto akapelekwa kwa daktari wa upasuaji. Nyumbani hufikiriwa kuwa chango, akanyweshwa mizizi. Tumbo hili hutulia lenyewe asidi inaporekebishwa.

Malaria inahitaji maelezo marefu kidogo, maana hapa ndipo makosa hutokea hata kwa watu makini. Malaria kali nayo huifanya damu kuwa na asidi, nayo huleta pumzi ndefu, kutapika na kupoteza fahamu. Kwa macho peke yake magonjwa haya mawili huweza kufanana kabisa. Tena katika maeneo yenye malaria nyingi, mtoto huweza kuwa na vimelea kwenye damu visivyokuwa ndivyo vinavyomuua, hivyo kipimo cha haraka cha malaria kikionyesha ndiyo hakifungi mjadala. Kinachoyatenganisha ni sukari: katika malaria kali sukari huelekea kushuka, na kushuka huko ni hatari; katika dharura ya kisukari huwa juu mno. Kwa hiyo stripu moja hujibu maswali mawili kwa mara moja. Asiyepima akamtundikia mtoto dripu ya sukari kwa kubahatisha, huenda anamwokoa wa kwanza, na huenda anamwongezea mzigo wa pili.

Miongozo ya malaria kali yenyewe inataka sukari ipimwe kwa kila mtoto aliyezidiwa. Iwapo agizo hilo lingetekelezwa kila mahali, sehemu kubwa ya tatizo linaloelezwa hapa ingetoweka bila mpango mpya wala fedha nyingi. Kinachokosekana kwa kawaida ni stripu, na pengine mazoea.

Namba na maana yake

Mtoto mwenye kiu, mkojo mwingi na kukonda, ambaye sukari yake iliyopimwa saa yoyote ni milimoli 11.1 kwa lita au zaidi, yaani miligramu 200 kwa desilita, ana kisukari. Hahitaji kurudi kesho akiwa amefunga kula. Agizo la kurudi kesho ni la kawaida kwa watu wazima wenye kisukari aina ya pili, ambao huishi na ugonjwa miaka kadhaa kabla ya kuujua. Kwa mtoto usiku mmoja huweza kutosha kumfikisha kwenye kupoteza fahamu.

Baadhi ya mashine huonyesha herufi HI badala ya namba. Wapo wanaodhani mashine imeharibika na kuiweka kando. Maana yake ni kwamba sukari imevuka kiwango cha juu ambacho mashine inaweza kukisoma, na katika mashine nyingi kiwango hicho kinazidi milimoli 27. Kwa upande mwingine, kidole kilichotoka kushika embe au uji wenye sukari hutoa namba kubwa ya uongo. Mikono ioshwe kwa maji na sabuni, ikaushwe, ndipo itobolewe. Mtoto mwenye ugonjwa mwingine mkali naye huweza kupandisha sukari kwa muda kutokana na homoni za mshtuko. Kipimo cha ketoni kwenye mkojo husaidia hapo: sukari ya juu pamoja na ketoni nyingi katika mtoto anayehema kwa nguvu ni dharura ya kisukari mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Watoto wa umri wa chini ya miezi sita wawekwe fungu lao. Kisukari chao kwa kawaida hakitokani na kinga ya mwili; hutokana na hitilafu ya jeni moja, na baadhi yao hutibika kwa vidonge vya glibenklamidi badala ya sindano. Kichanga wa namna hiyo aanze insulini kama wengine, lakini hospitali kubwa iarifiwe ili jeni zake zichunguzwe.

Haraka iliyo na utulivu

Matibabu ya dharura hii yana mpangilio ambao kuuvunja ni hatari. Maji hutangulia: maji ya chumvi ya asilimia 0.9 kwa njia ya mshipa, mililita 10 hadi 20 kwa kila kilo ya uzito katika saa ya kwanza, kisha upungufu uliobaki hurudishwa polepole kwa muda wa saa 24 hadi 48. Insulini hufuata angalau saa moja baada ya maji kuanza, kwa yuniti 0.05 hadi 0.1 kwa kilo kwa saa, bila kumiminwa kwa mkupuo mshipani. Potasiamu huongezwa mara inapothibitika kwamba mtoto anakojoa, kwa sababu insulini huisukuma potasiamu ndani ya seli na kuiacha damu ikiwa nayo kidogo, na moyo hauvumilii hilo. Sukari ikishuka karibu na milimoli 14 hadi 17, maji yenye glukosi huongezwa na insulini huendelea. Lengo ni kuzimaliza ketoni, si kuipendeza mashine.

Kinachoogopwa zaidi ni ubongo kuvimba. Hutokea kwa takribani mtoto mmoja kati ya 100 au 200 wanaotibiwa dharura hii, na ndicho chanzo kikuu cha vifo vyao hospitalini. Mtoto aliyekuwa akipata nafuu akianza kulalamika kichwa, kutapika upya, kuchanganyikiwa, au mapigo ya moyo yakipungua kasi huku shinikizo la damu likipanda, muuguzi asisubiri daktari wa zamu amalize raundi. Manitoli itolewe mara moja.

Zahanati isiyo na insulini bado ina kazi kubwa: kupima, kuanzisha maji ya chumvi, kuondoa dripu ya sukari iliyotundikwa kwa makosa, kupiga simu hospitali ya wilaya, na kuandika namba ya sukari na saa yake juu ya karatasi ya rufaa kwa herufi kubwa.

Inafaa kukumbuka hali ilivyokuwa kabla ya insulini. Mwanzoni mwa karne ya 20 madaktari wa Marekani, Frederick Allen akiwa maarufu zaidi, waliwaweka watoto wa kisukari kwenye mlo mdogo mno; watoto waliongezewa miezi, wengine miaka, wakiwa mifupa mitupu. Tarehe 11 Januari 1922, mjini Toronto nchini Kanada, Leonard Thompson mwenye umri wa miaka 14 alichomwa kiowevu kilichotolewa na Frederick Banting na Charles Best katika kongosho za wanyama, ndani ya maabara ya John Macleod. Kiowevu kile hakikuwa safi na hakikufaa. James Collip alikisafisha, na kuanzia tarehe 23 Januari mvulana huyo alichomwa tena. Sukari ilishuka, ketoni zikatoweka, akaishi miaka 13 zaidi. Hati miliki iliuzwa kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja kwa kila mgunduzi ili dawa isifungiwe na mtu mmoja. Insulini ilikuwemo katika orodha ya kwanza ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 1977. Kwamba karne moja baadaye bado kuna mtoto anayeikosa kwa sababu hakuna aliyemtoboa kidole ni jambo ambalo historia hiyo hailisamehe kwa urahisi.

Baada ya kuruhusiwa kurudi nyumbani

Utambuzi ukishapatikana, upo mtego mmoja ambao familia zisipoonywa mapema huuingia kwa furaha. Katika majuma au miezi ya kwanza ya matibabu, seli chache zilizosalia kwenye kongosho hupumzika na kufanya kazi tena kwa muda. Mahitaji ya insulini hupungua sana, pengine yakakaribia kuisha. Nyumbani huonekana kwamba mtoto amepona: dawa ya mitishamba iliyonywewa wiki hiyo husifiwa, au maombi huhesabiwa kuwa yamejibiwa, na sindano huwekwa kando. Mwezi mmoja au miwili baadaye mtoto hurudishwa akihema pumzi zilezile. Muuguzi anayeeleza jambo hili siku ya kwanza, kwa upole na bila kuigusa imani ya mtu, huokoa maisha: nafuu hii inatarajiwa, ina mwisho, na kipimo cha insulini kitapunguzwa lakini sindano haitaachwa.

Mtego wa pili huja siku ya homa. Mtoto hali, hivyo mama anaona si busara kumchoma. Ukweli ni kinyume: ugonjwa hupandisha homoni zinazopingana na insulini, na mwili huweza kuhitaji nyingi zaidi hata tumbo likiwa tupu. Kipimo huweza kubadilishwa kwa kuangalia sukari, ila insulini ya muda mrefu haikatizwi.

Kushuka kwa sukari ni hofu ya haki. Chini ya milimoli 3.9 mtoto hutetemeka, hutoka jasho, huwa mkali au husinzia. Apewe kitu chenye sukari ya haraka, kama soda ya kawaida au maji ya sukari, apimwe tena baada ya dakika 15, kisha ale. Aliyepoteza fahamu hanyweshwi kitu. Hupakwa sukari au asali kidogo ndani ya shavu akiwa amelazwa ubavu, na kukimbizwa hospitali.

Kuhusu utunzaji wa dawa, chupa isiyofunguliwa hukaa nyuzi joto 2 hadi 8, na isigande kamwe, kwa kuwa insulini iliyoganda imekufa hata ikiyeyuka. Nyumba nyingi hazina jokofu. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva pamoja na Madaktari Wasio na Mipaka walichapisha uchunguzi uliotokana na vipimo vya joto katika kambi za Dadaab, kaskazini mashariki mwa Kenya, ambako nyumba hupata nyuzi 25 usiku na 37 mchana. Insulini iliyofunguliwa na kuwekwa katika joto la namna hiyo kwa majuma manne haikupoteza nguvu yake kwa kiasi chenye madhara. Habari hii iliondoa kikwazo kikubwa, maana wagonjwa wengi walilazimika kwenda hospitali kila siku kwa ajili ya sindano tu. Mtungi wa udongo wenye mchanga uliolowa kati ya kuta mbili hupunguza joto zaidi, hasa bara kukavu kama Dodoma. Mwambao wenye unyevu, kama Tanga au Mombasa, maji hukauka polepole na mtungi hupoa kidogo.

Balehe huja na hesabu mpya. Homoni za ukuaji huifanya insulini ishindwe kufanya kazi kama awali, na kijana aliyetumia chini ya yuniti moja kwa kilo kwa siku huweza kuhitaji hadi mbili. Sukari inayopanda katika umri huu mara nyingi hulaumiwa kuwa ni ulaji wa siri, na kijana hugombezwa kwa jambo ambalo mwili wake ndio ulilolifanya. Wengine huruka sindano kweli: kwa aibu ya kujichoma mbele ya wenzao bwenini, au kwa wasichana wachache waliogundua kwamba kuiacha insulini hupunguza uzito. Swali la faragha, lisilo na hukumu, hupata jibu ambalo karipio halilipati.

Shule ya bweni ina ratiba yake, na chakula kikichelewa saa moja baada ya sindano ya muda mfupi, sukari hushuka. Mpishi, matroni na mwalimu wa zamu wajue jambo hilo. Mtoto aruhusiwe kula kwanza kwenye foleni, kubeba sukari mfukoni hata ndani ya chumba cha mtihani, na kwenda msalani bila kuomba ruhusa mara mbili.